Kabla ya Kisu: Tiba ya Aota Iliyovimba kwa Wenye Mchochota wa Mishipa

Mwezi wa Desemba mwaka 1948, katika Hospitali ya Wayahudi ya Brooklyn, mjini New York, daktari mpasuaji Rudolf Nissen alilifungua tumbo la Albert Einstein, mwanafizikia ambaye jina lake lilikuwa limekwisha kuenea ulimwengu mzima, akakuta kwamba maumivu yaliyokuwa yakimwandama mgonjwa wake yalitokana na aota, yaani ule mshipa mkuu utokao moyoni, ambao ulikuwa umetututumka tumboni kupita kiasi. Zama zile hapakuwa na njia ya kuukata mshipa ule na kutia mwingine mahali pake. Kwa hivyo Nissen aliuzungushia selofeni, ile karatasi ing'aayo ya kufungia bidhaa, kwa matumaini kwamba mwili ungekasirishwa na kitu kigeni kile, ungeleta mchochota kukizunguka, na mchochota nao ungeacha kovu gumu la kuutegemeza ukuta uliodhoofika. Einstein aliishi zaidi ya miaka 6 baada ya siku ile. Mshipa ulipasuka mwezi wa Aprili 1955, na ijapokuwa kufikia wakati huo upasuaji wa kubadilisha aota ulikuwa umekwisha kupatikana, yeye alikataa kupasuliwa tena, akafariki mjini Princeton tarehe 18 ya mwezi huo.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kwa sababu ya utukufu wa mgonjwa; mimi nakileta hapa kwa sababu ya dawa aliyoitumia tabibu. Nissen alikuwa ameikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1933, akapata hifadhi Uturuki, akaongoza upasuaji katika Chuo Kikuu cha Istanbul mpaka mwaka 1939. Katika chuo hicho hicho, na katika miaka hiyo hiyo, profesa wa maradhi ya ngozi aliyeitwa Hulusi Behçet alikuwa akiwachunguza wagonjwa wachache waliokuwa na vidonda vya kinywani visivyokoma, vidonda vya sehemu za siri, na macho yaliyoingia mchochota hata yakaelekea upofu. Na mwaka 1937 akatangaza kwamba mambo hayo matatu hayakukutana kwa sadfa, bali ni ugonjwa mmoja. Behçet alifariki mwaka 1948, miezi kadhaa kabla ya upasuaji ule wa Brooklyn. Ugonjwa unaoitwa leo kwa jina lake ni miongoni mwa maradhi ambayo mchochota, badala ya kuutegemeza ukuta wa aota, ndio unaoubomoa, kiasi kwamba jambo ambalo Nissen alilitafuta kama dawa, kwa wagonjwa wa mwenziwe lilikuwa ndilo maradhi yenyewe.

Kwa wagonjwa wa namna hii nina neno moja la kusema, nami nalisema kwa kuwa naliona likisahauliwa kila upasuaji unapozidi kuwa hodari: aota yao haitibiwi kwa kisu peke yake, wala kwa bomba jipya la kutiwa mahali pa mshipa peke yake, hata mkono wa mpasuaji uwe mwepesi namna gani, maadamu moto ulioitafuna bado unawaka ndani ya ukuta.

Ili msomaji apate kulifahamu jambo hili, hana budi kuujua ukuta wenyewe. Aota hutoka upande wa kushoto wa moyo, hupanda kidogo kifuani, hupinda, kisha hushuka mbele ya uti wa mgongo mpaka karibu na kitovu, ambapo hugawika kuelekea miguu miwili. Tumboni upana wake kwa mtu mzima ni kiasi cha sentimita 2. Ukuta una tabaka tatu: la ndani, laini, liguswalo na damu, la kati, lenye misuli na nyuzi za kunyumbuka, ndilo libebalo kishindo cha kila pigo la moyo, na la nje, ambalo ndani yake hupita vijishipa vidogo mno vinavyoulisha ukuta huo, kwani mshipa mnene kiasi hiki hauwezi kulishwa wote na damu ipitayo ndani yake. Hapo kwenye vijishipa ndipo maafa yaanziapo. Chembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kuulinda mwili na adui, hughilibika zikaushambulia mwili wenyewe. Humiminika kupitia vijishipa vile, huviziba, na kuzikatakata nyuzi za tabaka la kati, hata ukuta ukawa hauna tena nguvu ya kurudi mahali pake baada ya kutanuliwa na damu. Mahali palipodhoofika hutoka nje, na uvimbe huo ndio uitwao aniurizimu, na kadiri panapopanuka ndivyo mvutano katika ukuta unavyozidi, hata kama shinikizo la damu halikupanda. Hiyo ni kanuni iliyotokana na hesabu za Pierre-Simon Laplace, bingwa wa Kifaransa, nayo ndiyo sababu aniurizimu iliyokwisha kuwa kubwa huharakisha kuwa kubwa zaidi, mpaka ipasuke.

Aniurizimu iliyo ya kawaida, ile ya wazee wenye mishipa iliyokakamaa, hususan wanaume wavutao sigara, ina kipimo chake kinachojulikana: tumboni huhesabiwa kuwa ugonjwa ikifika sentimita 3, na wapasuaji kwa desturi hushauri itengenezwe ikifika sentimita 5.5 kwa mwanamume. Kipimo hicho kimeokoa roho nyingi. Lakini mtu akikichukua akampimia mgonjwa wa mchochota, atadanganyika, kwani huyu aghalabu ni kijana, na aniurizimu yake mara nyingi haikupanuka pande zote kwa usawa bali imetoka ubavuni kama kifuko, ukuta wake ni mwembamba usiotabirika, nayo yaweza kupasuka ikiwa bado ndogo.

Maradhi yenyewe ni ya namna kadhaa, nami nitayataja matatu yaliyo mashuhuri. Ugonjwa wa Behçet huonekana zaidi katika nchi zilizopitiwa na misafara ya zamani ya hariri, kutoka Japani na Korea, kupitia Iran na Iraki, mpaka Uturuki na pwani za Mediterania. Na Uturuki ndiyo nchi ambayo hesabu zimeonyesha wagonjwa wengi kupita zote. (Msomaji aliyetokwa na kidonda kinywani wiki hii asijitie hofu, vidonda vya kinywa ni vya kila mtu, na tabibu haanzi kumshuku Behçet mpaka vidonda viwe vya kurudia rudia na vifuatane na dalili nyingine.) Wengi wa wenye ugonjwa huu hawaguswi aota abadani, mishipa yao ya vena ndiyo huziba zaidi kuliko ateri kuvimba. Hata hivyo, wale wachache wanaopatwa na balaa hilo ndio wanaokufa. Katika hospitali ya Cerrahpaşa, Istanbul, ambako tangu mwaka 1977 Profesa Hasan Yazıcı na wenzake waliweka kliniki mahususi ambayo tabibu wa baridi yabisi, wa macho na wa ngozi humwona mgonjwa kwa pamoja, walifanya jambo la kusifiwa: waliwatafuta wagonjwa wao wa kale baada ya miaka 20, wakapata habari za 387, na mwaka 2003 wakatangaza kwamba 42 walikuwa wamefariki, na kati ya hao 39 walikuwa wanaume. Sababu kubwa ilikuwa mishipa mikubwa. Walikufa katika umri wa kuoa na kulea, ilhali wale waliopona miaka ile ya mwanzo ya hatari aghalabu ugonjwa wao ulipoa kadiri umri ulivyosonga mbele.

Wa pili ni ugonjwa wa Takayasu, unaochukua jina la Mikito Takayasu, tabibu wa macho wa Kanazawa, Japani, ambaye mwaka 1908 aliwaeleza wenzake habari za mwanamke wa miaka 21 ambaye ndani ya macho yake vijishipa vilikuwa vimejisuka duara isiyo ya kawaida. Na wenzake wawili wakasema papo hapo kwamba nao waliwahi kuona wagonjwa wa namna ile, ambao zaidi ya hayo hawakuwa na pigo la mshipa kwenye kifundo cha mkono. Huu huwapata zaidi wanawake, na huanza kabla ya umri wa miaka 40. Kwao ateri huziba zaidi kuliko kuvimba, lakini aota ya kifuani yaweza kupanuka mno. Wa tatu ni ule wa wazee waliopita miaka 50, hasa wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, ambao ateri za kipaji huvimba na kuuma, kichwa hakivumilii hata kitana, na jicho laweza kupofuka kwa siku moja. Kwa muda mrefu watu walidhani ukomo wake ni kichwani. Mwaka 1995 matabibu wa Mayo, Minnesota, walipowahesabu wagonjwa wao waliona kwamba aniurizimu ya aota ya kifuani huwapata hao kiasi cha mara 17 kuliko watu wengine wa umri wao, na mara nyingi huja miaka kadhaa baada ya kichwa kupona, wakati mgonjwa na tabibu wote wawili wamekwisha kusahau.

Sasa turudi Istanbul, kwani huko ndiko linakoonekana waziwazi kuliko kwingine jambo linalomfanya mpasuaji aiogope aota hii. Kuna kipimo cha zamani cha ugonjwa wa Behçet ambacho hakihitaji mtambo wowote. Muuguzi huchukua sindano safi isiyo na dawa, huichoma katika ngozi ya upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, kisha huchora duara kwa kalamu kuzunguka pale alipochoma ili pasipotee. Mgonjwa huenda zake, akarudi baada ya saa 24 au 48. Kwa mtu mwingine pale hapana kitu, au pana nukta ambayo jicho halipati kuiona. Kwa mwenye Behçet wa nchi zile mara nyingi pametoka kipele chekundu kigumu, au kijipu chenye usaha, na usaha huo ukipelekwa kupimwa haukutwi na kijidudu. Ngozi imeijibu sindano kana kwamba imeshambuliwa na jeshi. Basi na atazame mpasuaji duara lile la kalamu, kisha afikirie aota, ambayo akiikata na kuunganisha bomba jipya ataichoma kwa sindano makumi ya mara kuizunguka yote; ukuta utajibu kila tundu kama ngozi ilivyojibu moja.

Na ndivyo unavyojibu. Wiki kadhaa, au miezi, au miaka baada ya upasuaji uliokwenda vyema, mahali ambapo bomba limeungwa na mshipa huachia, damu huvuja nje na kuzuiliwa na nyama za jirani tu, pakawa na kifuko kipya kilicho hatari kuliko kile cha kwanza. Fundi cherehani anayetia kiraka kipya kwenye kanzu iliyooza anajua kwamba uzi hautakatika wala kiraka hakitachanika. Kitakachoachia ni kitambaa cha zamani, tena pembezoni mwa mshono. Hata kuchoma ateri ya kinena kwa ajili ya picha ya mishipa, jambo ambalo kwa wengine ni dogo, kwa mgonjwa huyu laweza kuzaa aniurizimu pale pale palipochomwa, ndiyo maana siku hizi matabibu waangalifu hupendelea picha za tomografia au za sumaku, ambazo zinahitaji sindano ya vena tu au hazihitaji kabisa.

Ufundi wa upasuaji wenyewe umepiga hatua ambazo kizazi cha Nissen kisingezisadiki. Tarehe 29 Machi 1951, mjini Paris, Charles Dubost aliikata aota ya tumbo iliyovimba akatia mahali pake kipande cha aota ya maiti, na mgonjwa akaishi. Miaka michache baadaye Michael DeBakey wa Houston, ambaye mama yake alimfundisha kushona utotoni, alinunua dukani kitambaa cha Dakroni, akakishona kwa cherehani ya nyumbani kuwa bomba, na Dakroni ikawa tangu hapo kitambaa cha wapasuaji wa aota duniani kote. Kisha ikaja njia ya kutolifungua tumbo. Nikolai Volodos wa Kharkiv, Ukraina, mwaka 1987 alipitisha ndani ya mshipa bomba lenye mbavu za waya mpaka kwenye aota ya kifuani; naye Juan Parodi, huko Buenos Aires, mwaka 1990 alifanya hivyo kwa aniurizimu ya tumbo, akiingilia kwenye kinena. Bomba hukunjwa, hupelekwa mpaka mahali pake, hufunguka, na damu hupita ndani yake pasipo kugusa ukuta uliovimba.

Kwa mgonjwa wa mchochota njia hii ya ndani ina fadhila kubwa, kwa kuwa haishoni aota, lakini haijawa salama kabisa. Ncha mbili za bomba husukuma ukuta daima ili zisiteleze, na pale zinapousukuma ukuta wenye maradhi ndipo huzuka kifuko kingine. Kwa hivyo mpasuaji hodari huchagua bomba lisilozidi upana wa mshipa kupita kiasi, na ncha zake huziweka mbali, mahali ambapo picha zinaonyesha ukuta mzima. Kinena alipoingilia napo hupachunga. Mwenye kufungua tumbo naye ana hadhari zake: hukata mpaka afike penye ukuta wenye siha, ijapokuwa kufanya hivyo kunarefusha kazi, huzungushia maungio ukanda wa kitambaa ili nguvu ya nyuzi isikae mahali pamoja, na katika ugonjwa wa Behçet huepuka kuazima vena ya mguu wa mgonjwa iwe bomba, kwa kuwa vena nazo zina maradhi yale yale. Ateri ya mguu ikiwa ndiyo iliyovimba, na damu imekwisha kujipatia njia za pembeni, wakati mwingine lililo bora ni kuifunga tu na kuiacha. Aota haifungiki hivyo. Mtu hawezi kuishi bila ya damu ya nusu ya mwili.

Yote haya ni ya mikono. Linalotangulia ni la dawa, na hapo ndipo penye ile kauli niliyoitanguliza. Mwaka 2018 jumuiya ya Ulaya ya matabibu wa baridi yabisi, EULAR, ilipotoa upya mashauri yake kuhusu ugonjwa wa Behçet, ilisema bayana kwamba aniurizimu ya aota au ya ateri za viungo itanguliziwe steroidi na saiklofosfamidi kabla ya kutengenezwa. Kwa kawaida mgonjwa hutiwa mishipani steroidi nyingi kwa siku 3, kisha huendelea na vidonge vya prednisoloni vinavyopunguzwa polepole, na kila mwezi hupewa saiklofosfamidi, dawa ya saratani inayozinyamazisha zile chembe nyeupe zilizoghilibika. Asiyefaa dawa hiyo, au ambaye haikumsaidia, hupewa infliksimabu au nyingine ya jamii yake. Kwa Takayasu na kwa ugonjwa wa wazee msingi ni ule ule wa steroidi, na dawa mpya ya tosilizumabu imewapunguzia wengi, hasa hao wazee, haja ya steroidi za muda mrefu. Mpasuaji hungoja. Huangalia damu ya mgonjwa ikipimwa kasi ya kutuama kwa chembe zake na kiasi cha protini ya mchochota, huangalia picha, na vikishuka vyote ndipo hushika kisu. Kungoja huku si uzembe wala woga, ni sehemu ya upasuaji.

Aidha, nakiri kwamba vipimo havisemi kweli siku zote. Katika ugonjwa wa Takayasu hasa, damu yaweza kuonekana shwari ilhali ukuta wa aota bado unawaka, na kipande cha mshipa kilichokatwa siku ya upasuaji, kikitazamwa kwa hadubini, hukutwa kimejaa chembe za mchochota ambazo hakuna kipimo kilichozitangaza. Tabibu anayetegemea karatasi ya maabara pasipo kumtazama mgonjwa atafanya kosa hapa.

Lakini kuna wakati ambapo kungoja ni kuua, na mashauri yale yale ya 2018 hayakuliacha jambo hili katika shaka: mwenye dalili asicheleweshwe. Maumivu makali ya mgongo au ya tumbo yanayozuka ghafula, kuzirai, kifuko kinachopanuka kati ya picha moja na ya pili, ni ishara kwamba ukuta umefika ukomo wake, na hapo mgonjwa hupelekwa chumba cha upasuaji huku steroidi zikiingia mishipani saa ile ile, kwani usiku ule ule atakapotoka mezani ndipo mchochota utakapoanza kuyajibu matundu ya sindano.

Jambo moja zaidi la Behçet linastahili kutajwa kwa sababu kosa lake huua upesi. Ugonjwa huu huvimbisha pia ateri zinazopeleka damu mapafuni, na ateri hizo hizo hupatikana damu iliyoganda ndani yake. Kijana huja akikohoa damu. Picha huonyesha mgando. Na tabibu asiyemjua Behçet humwandikia dawa za kuzuia damu kuganda, kama ambavyo angemwandikia mtu mwingine yeyote mwenye mgando mapafuni, na alhasili kifuko kilichokuwa kikivuja hupasuka. Mgando ule kwa kawaida haukusafiri kutoka mguuni. Umeshikamana na ukuta uliovimba, nao hutibiwa kwa kuuzima mchochota. Swali la kwanza la kumwuliza kijana wa namna hiyo, kabla ya kalamu kugusa karatasi ya dawa, ni kama anapata vidonda vya kinywani na kama macho yamewahi kumsumbua. Ni swali lisilogharimu kitu.

Dawa zenyewe nazo hudai haki yake. Saiklofosfamidi yaweza kumnyima kijana uzazi, na ni wajibu wa tabibu kulisema jambo hilo waziwazi kabla ya dozi ya kwanza, si baada ya ya sita, ili anayetaka kuhifadhi mbegu zake apate nafasi, maadamu mshipa unamruhusu siku hizo. Steroidi huyeyusha mifupa, huleta kisukari na huondoa usingizi. Zote kwa jumla hufungua mlango wa vijidudu, na kwetu Afrika kijidudu cha kwanza kukumbukwa ni kile cha kifua kikuu, ambacho hukaa kimya miilini mwa watu wengi, na ambacho infliksimabu hukiamsha kwa ukali. Mgonjwa hupimwa kwanza, na akipatikana nacho hutibiwa kwanza. Huko Cape Town, matabibu wa hospitali ya Groote Schuur walipochapisha mwaka 2005 habari za wagonjwa 272 wa Takayasu, kifua kikuu kilikuwa miongoni mwa mambo waliyoyakuta pamoja na ugonjwa ule, na uhusiano wa viwili hivyo umekuwa ukijadiliwa kwa miongo mingi pasipo kukatwa shauri. Lililo la yakini ni kwamba katika bara hili mwenye kuitibu aota iliyoingia mchochota hana ruhusa ya kusahau mapafu.

Wala kazi haiishi mgonjwa anapotoka hospitali. Wapasuaji wa Tokyo walipowafuatilia wagonjwa 106 wa Takayasu waliopasuliwa kwa miaka mingi, waliona na kutangaza mwaka 2003 kwamba katika miaka 20 kiasi cha asilimia 13.8 walikuwa wamepata aniurizimu mpya penye maungio, na kwamba jambo hilo laweza kutokea wakati wowote, hata kwa yule ambaye mchochota wake ulionekana kutulia. Kwa hivyo picha ya maungio hupigwa mwaka hata mwaka, aushi. Na shinikizo la damu lipimwe kwa busara: mwanamke wa Takayasu ambaye ateri za mikono yake miwili zimeziba atafungwa kitambaa cha kupimia mkononi, na mashine itasoma 110, muuguzi ataandika kwamba hajambo, ilhali ndani ya aota shinikizo ni 180 na maungio yanavutwa usiku na mchana, huyo hupimwa pajani au kwenye kifundo cha mguu, na jambo hilo liandikwe kwa wino mwekundu juu ya jalada lake, maana muuguzi wa zamu ya kesho hatalijua.

Naona haya ni mambo ambayo hospitali yoyote inayothubutu kutia bomba katika aota inaweza kuyafanya bila ya kungoja mtambo mpya. Mpasuaji, tabibu wa baridi yabisi na mpiga picha wakae meza moja kabla ya siku ya upasuaji, kama walivyozoea kukaa wale wa Cerrahpaşa. Na barua anayopewa mgonjwa siku ya kuruhusiwa itaje kwa jina ni nani atakayezipunguza steroidi zake, kwa dozi gani na mpaka lini, mkono au mguu upi ndio wa kupimia shinikizo lake, na tarehe ya picha ijayo.